SOMO: Namna ya kuhakiki gemu ndogo na gemu za mashine za zamani (someni kabla hamjauliza)

Assalaam alaykum wana.

Ujumbe ni ule ule kila siku. "Maalim, gemu hii nzuri?" Au mtu ananiletea mistari miwili, "kali sana, grafiksi safi, 9 kati ya 10," anataka nimpitishie kama uhakiki. Aliyesoma mistari hiyo hajui bado kama atumie bando lake kuishusha au aachane nayo. Kwa hivyo naandika hapa mara moja, na kila atakayeniuliza nitamleta hapa.

Nazungumzia gemu za aina mbili. Za mashine za sarafu za miaka ya sabini na themanini, kama Space Invaders, Pac-Man, Donkey Kong na Galaga. Na gemu ndogo za kompyuta zinazozunguka kwenye fleshi zetu, kama Zuma, Bejeweled, Feeding Frenzy na Chicken Invaders. Mpira na pleisteshen vina wenyewe.

HATUA YA 1. Jua jina kamili, mtengenezaji na mwaka. Dakika tano zinatosha.

HATUA YA 2. Jua ilikuwa ikiuzwa vipi.

Watu wanairuka hii, na ndiyo maana wanaandika "Donkey Kong ngumu mno" na "Zuma rahisi" wakadhani wamehakiki. Mashine ya sarafu ilikaa ukumbini na mwenye ukumbi alikula kwa sarafu. Mtu akisimama saa nzima kwa sarafu moja, ni hasara. Kwa hivyo gemu ilitengenezwa ikutoe baada ya dakika chache, lakini uondoke ukiamini kwamba mara ijayo utafika mbali zaidi. Gemu ndogo za kompyuta za miaka ya elfu mbili ni kinyume chake: nyingi zilitolewa bure kwa majaribio ya dakika 60, kisha ulipe. Mtengenezaji hakutaka ukwame ndani ya saa ile. Ukihakiki kwa saa moja tu, umehakiki chambo. Endelea mpaka pale inapoanza kukubana, hapo ndipo sura yake inapoonekana.

HATUA YA 3. Hakikisha unachohakiki ni gemu, si nakala mbovu wala kompyuta yako.

Hapa nakaa kidogo. Kuna uhakiki wangu mmoja niliufuta wote kwa sababu ya hatua hii.

Anza na kasi. Gemu nyingi za zamani za DOS zilipima muda kwa kasi ya kompyuta yenyewe. Ukizifungua kwenye kompyuta ya leo zinakwenda mbio, adui amekufikia kabla kidole hakijashuka. Programu za kuigiza mashine za sarafu nazo zina balaa la upande wa pili. Pac-Man inachora picha kama 60 kwa sekunde, na laptopu iliyochoka ikishindwa kufika hapo, vizuka vinavyokufukuza vinakwenda kwa kudondoka-dondoka na ile kona uliyotaka kukata inakupita. Utaandika "haitii mkono", kumbe isiyotii ni laptopu.

Kisha kioo. Mashine ya Pac-Man ilikuwa na kioo kilichosimama wima, nukta 224 kwa upana na 288 kwa urefu. Kioo cha laptopu ni kipana. Ukiiacha picha ijitandaze, njia za kulala zinakuwa ndefu kuliko zilivyo, na unaona kama vile mambo ya kushoto na kulia yanakwenda kasi kuliko ya juu na chini. Mtazame Pac-Man mwenyewe: kama si duara, simamisha, rekebisha mpangilio wa picha, anza upya.

Mwisho kiibodi. Kiibodi nyingi za bei rahisi zinashindwa kusoma vitufe vitatu au vinne vikibanwa pamoja. Mkicheza wawili kwenye kiibodi moja, mmoja anapiga risasi na chombo cha mwenziwe kinakwama. Hapo ndipo wenzetu wanapogombana na kuitia gemu ila isiyokuwa yake.

ONYO: Usihakiki kwa nakala ya fleshi usiyojua imetoka wapi. Nyengine zimepunguzwa hatua na milio ili ziwe ndogo, nyengine zina virusi.
ONYO: Usiandike neno "kasi" kwenye uhakiki kabla hujaijaribu gemu kwenye kompyuta mbili.
ONYO: Kwa gemu ya mashine, taja umecheza kwa programu gani. Msomaji ana haki ya kujua.

HATUA YA 4. Cheza mpaka uchoke, usiandike kitu.

HATUA YA 5. Rudi na daftari. Kila roho inayokutoka, andika mstari mmoja: nimekufa kwa nini?

Kazi ya uhakiki iko hapa. Daftari likijaa "nilimuona, nikachelewa" au "nilikuwa na tamaa ya pointi", gemu ni ya haki. Likijaa "sijui kilichonipiga", ama gemu mbovu au hujaielewa bado, na ni wajibu wako kujua ni lipi kati ya hayo.

Mchukulie Pac-Man, aliyotengeneza Toru Iwatani wa Namco mwaka 1980. Mgeni anaona vizuka vinne vinazurura ovyo. Kumbe kila kimoja kina akili yake. Chekundu, Blinky, kinakufuata pale pale ulipo. Cha waridi, Pinky, kinalenga miraba minne mbele ya unakoelekea. Cha buluu, Inky, kinapiga hesabu kwa kutazama ulipo wewe na alipo Blinky. Cha rangi ya chungwa, Clyde, kinakuandama ukiwa mbali, lakini ukiwa ndani ya miraba minane kinageuka kwenda kwenye pembe yake. Kwa hivyo ukibanwa katikati, chekundu nyuma na cha waridi mbele, usiseme bahati mbaya. Umebanwa kwa mpango, na ukiujua mpango unaweza kumgeuza Pinky kwa kugeuza uso wako tu. Uhakiki wa Pac-Man usiotaja hili, mwandishi wake hajaicheza vya kutosha.

HATUA YA 6. Mambo ya kwetu. Ni MB ngapi, inafunguka bila intaneti, inakwenda kwenye laptopu kuukuu? Na Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya mchezo, utakuta imehifadhi ulipofika au unaanza mwanzo? Jaribu kweli: izime ghafla, uone.

HATUA YA 7. Hukumu kwa maneno, namba weka kando. Nani aicheze, na kitamchosha nini.

MASWALI

Mdau, Chake Chake: Linki ya Zuma tafadhali.

Jibu: Hili ni somo la kuhakiki.

Mdau, Mlandege: Nimepitia juu juu. Sasa Galaga niipe ngapi kati ya kumi?

Jibu: Hatua ya 7. Isome, usiipitie.

Mdau, Wete: Maalim, Space Invaders wale maadui wanazidi mbio kila ukiwapunguza. Ni ugumu uliopangwa au ni kompyuta yangu, kama ulivyosema Hatua ya 3?

Jibu: Swali zuri, ndugu yangu, na jibu lake ni tamu. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Taito aliweka maadui 55, mistari mitano ya kumi na moja. Mashine ile ilikuwa dhaifu, ikimsogeza mmoja mmoja kwa zamu. Wakiwa wengi, zamu inachelewa kuzunguka. Wakibaki wachache, inazunguka haraka. Yule wa mwisho anakimbia kwa sababu hana wa kumsubiri. Nishikado akaona inanogesha mchezo, akaiacha. Kwa hivyo kompyuta yako haina kosa. Kwenye uhakiki andika hivi: kila unaposhinda, unajiongezea ugumu mwenyewe. Na sikiliza ule mdundo wa noti nne, nao unazidi kasi pamoja na maadui.

Mdau, Michenzani: Gemu za 1980 tunamhakikia nani? Vijana wa sasa wanataka grafiksi.

Jibu: Tetris ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, maumbo saba, hadithi hakuna, na vijana wa sasa wanaicheza kwenye simu zao. Usiwasemee. Ukitaka kupinga, pinga kwa gemu uliyocheza.

Mdau, Mlandege: Samahani maalim, nimesoma yote sasa. Mpira wa gemu za kuvunja matofali naushindwa. Mie mchezaji wa keram, napiga hesabu ya ukuta vizuri, lakini huku mpira hauendi ninakotaka. Niandike kuwa hesabu yake mbovu?

Jibu: Karibu tena. Usiandike hivyo, hesabu yake ni nyengine. Kwenye keram kete inarudi kutoka ukutani kwa pembe ile ile iliyokwenda nayo. Huku kuta zinafanya hivyo, lakini fimbo yako, ile unayourudishia mpira, haifanyi. Unakokwenda mpira kunategemea sehemu ya fimbo ulipogusa. Jambo hili limetoka kwenye Pong ya Atari, 1972: Allan Alcorn aliigawa fimbo vipande vinane, katikati mpira unarudi moja kwa moja, pembeni unakwenda upande. Breakout ya 1976 na Arkanoid ya 1986 ni za ukoo huo. Leo ukikaa, acha kuvunja matofali. Piga kwa ncha tu, kisha kwa kati tu, utazame. Baada ya hapo utakuwa na aya nzima ya kuandika.

Mdau, Bububu: Mimi ni mama, nataka kuhakiki gemu kwa ajili ya mtoto wa miaka sita. Hizi hatua zinafaa?

Jibu: Zinafaa, dada yangu, ila Hatua ya 5 mtoto hataandika, utamwandikia wewe. Kaa nyuma yake, usimsaidie, usimwambie "hapo, hapo!" Andika kila anapogeuka kukutazama, kwa sababu hapo ndipo gemu imeshindwa kumuelewesha. Anzeni na Bejeweled, ya PopCap, 2001, mchague ule mchezo wake usio na saa. Unakwisha pale tu jiwe la kubadilisha linapokosekana, kwa hivyo hakimbizwi. Na tazama pia anaachaje: akiambiwa basi anaweza kuacha, au analia? Wazazi wengine watataka kujua hilo kabla ya jengine lolote.

Mdau, Wete: Pac-Man ina mwisho, maalim?

Jibu: Haikukusudiwa kuwa nao, lakini unao. Namba ya hatua inahifadhiwa mahali pasipozidi 255. Ukifika hatua ya 256 nusu ya kulia ya kioo inajaa herufi na vipande vya picha, na vidonge unavyotakiwa kuvila ili umalize hatua havitoshi. Kwenye uhakiki mstari mmoja unatosha, ni wachache watakaofika.

Mdau, Mkoani: Vitufe vyangu vya mishale vinanata, nakaa karibu na bahari. Nitajuaje kama nimekufa kwa kosa langu?

Jibu: Hutojua, visafishe kwanza. Zima laptopu, chomoa waya, toa betri kama inatoka. Igeuze kifudifudi upige brashi kavu. Kisha pamba yenye spiriti kidogo pembeni mwa vitufe, maji usitie. Iache wazi mpaka ikauke kabisa, halafu fungua programu ya kuandikia ubane kila mshale mara nyingi haraka haraka uone kama kielekezi kinatii. Kama bado, nunua kiibodi ya nje ya USB, na uandike kwenye uhakiki kwamba ndiyo uliyotumia.