Somo: Jinsi ya kusoma vitabu vya ustaarabu wa kale na vya majadiliano ya dini, Waislamu na Wakristo meza moja

Wengi mmeuliza kikundi chetu cha usomaji hapa Lindi mjini kinaendeshwaje bila ugomvi. Kwanza tofautisheni na mihadhara. Huku kusini mihadhara tunaijua: spika juu ya meza, mtu anasoma kitabu cha mwenzake akitafuta pa kumchoma. Kitabu cha kitaaluma kinakudai jambo gumu zaidi: ueleze hoja ya mwenzako mpaka yeye mwenyewe aitikie kuwa ndivyo anavyoamini, halafu ndipo uipinge. Mwanazuoni wa kale, Al-Biruni, alifanya hivyo yapata mwaka 1030. Alijifunza Kisanskriti, akaeleza imani za Wahindu kwa maneno ya vitabu vyao, naye ni Mwislamu asiyekubaliana nao.

Hatua ya 1: Anzeni na magofu. Mkifungua kikao cha kwanza kwa Utatu, cha pili hakitakuwapo. Kilwa Kisiwani iko mkoani kwetu, na historia yake haimbagui msomaji kwa dini yake. Msikiti Mkuu una sehemu za karne ya 11. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri wa Kimoroko Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akisifiwa kwa ukarimu. Wareno wakaja kuuvamia mji mwaka 1505. Hapo mna ibada, biashara ya dhahabu na vita, mambo ya kuzungumza miezi.

Hatua ya 2: Fungua kitabu kwa nyuma. Tazama marejeo na tanbihi: mwandishi kachimba mwenyewe, au kanukuu waliochimba? Kisha tazama mwaka. Neville Chittick alichimba Kilwa na kutoa majuzuu mawili mwaka 1974. Kwa sarafu na tabaka za udongo aliisogeza nasaba ya Washirazi, watawala waliosemekana kutoka Shirazi huko Uajemi, hadi mwishoni mwa karne ya 12, badala ya karne ya 10 iliyozoeleka. Kazi kubwa, lakini alielekea kuiona miji ya pwani kama kazi ya wageni. Waliomfuata, akiwemo mwanaakiolojia wetu Felix Chami, walisisitiza mizizi ya Kiafrika. Anayesoma Chittick peke yake amesikiliza upande mmoja wa kesi.

Hatua ya 3: Wekeni hati mbili mezani. Hapa ndipo penye utamu, msiharakishe. Tarikhi ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya watawala wake, imetufikia kwa njia mbili: maandishi ya Kiarabu, na muhtasari wa Mreno João de Barros uliochapishwa mwaka 1552. Ya Kiarabu inasema mfalme wa Shirazi aliondoka na wanawe sita kwa majahazi saba, na waliofika Kilwa wakamkuta Mwislamu tayari anaishi pale. Kwa Barros, anayekuja ni Ali, mtoto wa mama mtumwa Mhabeshi, aliyedharauliwa na ndugu zake. Kote kisiwa kinanunuliwa kwa nguo. Mpeni Mkristo asome ya Kiarabu na Mwislamu asome ya Mreno, kila mmoja aitetee aliyopewa. Nani alifaidika kwa kusimulia hivi? Swali hilo mkishalizoea kwa Kilwa, mtaliuliza bila woga hata kwa vitabu vya dini.

Hatua ya 4: Sasa leteni vitabu vya dini. Kwa kusini, Felicitas Becker (2008) anaeleza namna watu wa bara la mikoa yetu walivyoingia Uislamu tangu miaka ya 1890. Terence Ranger aliandika kuhusu Masasi, ambako Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana, alijaribu kuwa na jando la Kikristo. Kila familia huku ina la kusema kuhusu jando, kwa hiyo hamtakosa mjadala. Kisha someni matamko mawili mafupi sambamba: Nostra Aetate la Kanisa Katoliki kuhusu dini nyingine (1965), na barua ya wanazuoni 138 wa Kiislamu kwa viongozi wa Kikristo (2007), inayojengwa juu ya kumpenda Mungu na jirani.

Hatua ya 5: Siku. Sisi ni Jumatano baada ya Alasiri. Msimu wa korosho punguzeni vikao.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Nachingwea: Mwalimu, vitabu vyote ni vya Kiingereza, na wengi wetu tuliishia darasa la saba.
Jibu: Anayekijua asome sura moja nyumbani, aje kuisimulia kwa Kiswahili. Mwingine ashike kitabu na kumwuliza, "Hilo liko ukurasa gani?" Asiyejua Kiingereza anaweza kusoma ramani, picha na miaka. Wazee wa darasa la saba ndio wanaouliza makali zaidi.

Ustadhi wa Kilwa Masoko: Je, Washirazi walikuwepo au ni hadithi?
Jibu: Ustadhi, mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Kilwa, Songo Mnara na hapa Lindi. Kwa wengi upande wa Afrika ulitoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia, hasa Uajemi, kwa wanaume. Mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Hivyo tarikhi haikutunga Uajemi, ila mama zetu imewataja kidogo mno.

Katekista wa Masasi: Nimesoma kwamba gharika imo kwenye vigae vya Ninawi. Niwaambie nini waumini?
Jibu: Ni kweli. Ni vibao vya udongo vyenye maandishi; George Smith alivisoma London mwaka 1872, na vilitoka Ninawi, maktaba ya Ashurbanipal mfalme wa Ashuru, karne ya 7 kabla ya Kristo. Mwambie shekhe jirani yako naye akisome kisa hicho, maana Nuhu ni wenu wote wawili. Akiolojia itawaambia kigae kiliandikwa lini na kwa lugha gani. Kama Mungu alisema na Nuhu, hilo halichimbwi kwa jembe.

Dada wa Mtwara: Tunaweza kwenda Kisiwani kama kikundi?
Jibu: Mnaweza. Kateni kibali Kilwa Masoko kwanza, kisha muulize manahodha habari ya maji kupwa na kujaa. Msikitini vueni viatu, wote.