Ulafi: lini useme, na umwambie nani

Neno "ulafi" lipime kwanza kabla ya kulitamka. Pale ufuoni Kisumu, mtu akimaliza samaki mzima aina ya ngege na ugali, kisha akaagiza wa pili kwa pesa yake, huyo ni mlaji tu. Lakini sahani ikiwa ya watu wanne, naye anajivutia minofu yote ya mgongoni, watoto wakabaki kuchokonoa miiba, huo sasa ni ulafi. Neno hili halikosi lawama. Kama hutaki kulaumu, sema "hula sana", au "anakulanga sana" kama wanavyosema Kakamega na Bungoma. Hiyo -nga ni ya mazoea tu, haitukani.

Ulafi uko katika ngeli ya U na hauna wingi: ulafi wake umezidi, ulafi mwingi. Wanafunzi wengi huandika "ulafi mingi", wakiazima kiambishi cha miti na mikate. Mwenye tabia hiyo ni mlafi, wakiwa wengi ni walafi, si "malafi". Hata paka huitwa mlafi. Kitenzi ni lafua: amelafua pilau yote. Na Nakuru, kwa anayechanganya l na r, "urafi" hugeuka haraka kuwa nusu ya urafiki, kwa hivyo ncha ya ulimi iguse ufizi.

Yanayochanganywa nalo ni mengi. Uroho huanzia machoni: mtu anamezea mate kisicho chake hata kabla ya kukigusa. Uchu ni hamu ya kitu ulichokikosa siku nyingi, wala si jambo la aibu. Pupa ni haraka; unaweza kunywa uji kidogo tu kwa pupa ukaungua ulimi. Kuzidisha pombe ni ulevi, na kufuja pesa ni ubadhirifu. "Ufisi" wa vijana uache mtaani, maana siku hizi unahusu kutamani wanawake kuliko nyama.

Nje ya chakula, taja kinacholafuliwa: ulafi wa ardhi, ulafi wa madaraka. Ukiacha "ulafi" peke yake, msomaji atafikiria sufuria.

Sasa, wa kumwambia. Rika lako, sawa. Shemeji mnayetaniana, sawa. Mgeni, hapana, na mzee kabisa usithubutu. Kwake sema, "Mzee, tuwabakizie watoto kidogo," na meza nzima itakuwa imeelewa.