Kufungua shauri CMA ukiachishwa kazi wakati wa mlipuko wa ugonjwa: linda siku zako 30

Niliachishwa kazi wiki moja baada ya kutoka karantini. Barua ilikuwa na mistari mitatu, na sababu waliyoandika ni "usalama wa wafanyakazi wengine". Nilikuwa nimeshapona na cheti cha daktari ninacho. Namwandikia yeyote mwenye barua kama ile mkononi, maana nilifanya kosa moja ambalo nusura liniulie shauri zima.

Nilisubiri. Ofisa utumishi aliniambia nirudi nyumbani, uongozi unalitazama upya suala langu, nitapigiwa simu. Nikaogopa kwamba nikishtaki nitaharibu mazungumzo. Siku ya 41 nikaambiwa uamuzi ni ule ule. Sheria ya Tanzania inampa aliyeachishwa kazi siku 30 tu za kuufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi na tunayoiita CMA. Siku zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Kama ulikata rufaa ya ndani ikakataliwa, una hoja ya kuanzia hapo. Mimi sikuwa na rufaa, nilikuwa na ahadi ya simu, na ahadi ya simu haisimamishi siku. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi, mathalani kubaguliwa ukiwa bado kazini, ina siku 60.

Kwa hiyo endelea kuzungumza na mwajiri ukitaka, lakini fomu iwe imeshapokelewa.

Ukichelewa kama mimi, unaambatanisha fomu CMA F.2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda. Kuandika "nilikuwa naumwa" hakutoshi. Wanataka kujua umechelewa siku ngapi, kwa nini, shauri lako lina uzito gani, na mwajiri ataumia vipi likisikilizwa. Nilieleza siku moja moja: hizi nilifuatilia ofisini, hizi niliambiwa nisubiri, na meseji za simu nikazichapisha. Nilikubaliwa, ila miezi ilikwenda kabla shauri lenyewe halijaguswa, na miezi hiyo sikuwa na mshahara.

Shauri linafunguliwa kwa fomu CMA F.1, katika ofisi ya CMA ya eneo mgogoro ulikotokea, hata kama umeshahamia mkoa mwingine. Majina na anwani utajaza mwenyewe. Tulia kwenye aina ya mgogoro na sababu zako. Wengi tunaandika "nimebaguliwa kwa sababu ya korona" tukaishia hapo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataja misingi ya ubaguzi: kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, Ukimwi, umri na mingineyo. Ugonjwa wa mlipuko haumo kwa jina. Kama wewe ni mjamzito, una ulemavu au unaishi na virusi vya Ukimwi, na ukaondolewa kwanza kwa maelezo kwamba "uko hatarini zaidi", huo ni ubaguzi, uandike hivyo. Ukishaonyesha dalili zake za msingi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea unahamia kwa mwajiri.

Kama hauko katika kundi hilo, simamia kifungu cha 37. Mwajiri lazima athibitishe kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki, na kumwachisha mtu kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria si sababu halali. Likizo ya ugonjwa ni haki: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Hoja hiyo ndiyo iliyobeba shauri langu. Aliyeambiwa "biashara imeshuka" aangalie kifungu cha 38: kabla ya kupunguza watu, mwajiri hutakiwa kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao. Ila ujue kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai kuachishwa isivyo halali.

Kwenye madai, andika kila unachotaka na kiasi chake: kurudishwa kazini au fidia, notisi, likizo ambayo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi. Usichokiomba kwenye F.1 ni vigumu sana kukipata baadaye.

Kisha mpelekee mwajiri nakala kabla ya kuwasilisha CMA, na upate saini na muhuri wa kupokea. Wakikataa kupokea, tuma kwa rejesta na tunza risiti. Bila uthibitisho huo fomu yako haiendi popote.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, yaani msuluhishi wa CMA anawakutanisha wewe na mwajiri mwelewane, na unatakiwa uishe ndani ya siku 30. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mtu unayemwamini. Usikose siku uliyopangiwa, maana mlalamikaji asipofika msuluhishi anaweza kulifuta shauri. Mkishindwana, unajaza F.8 ili liende kwa mwamuzi.

Sisi tulielewana kikao cha pili. Nilikuwa nimeshika kalamu nisaini, dada wa chama cha wafanyakazi akanizuia: mkataba haukuwa na tarehe ya malipo wala haukutaja cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akitoe. Vyote viwili viliongezwa pale pale kwa mkono, pande zote zikatia saini pembeni. Cheti hicho ndicho nilichokwenda nacho kuombea kazi niliyo nayo sasa.