Kuijenga upya 40 bora ya wiki moja ya miaka ya 60, hatua kwa hatua

Kupata majina ya nyimbo 40 zilizotamba wiki fulani ya mwaka 1964 ni kazi ya dakika 5. Kupata rekodi zenyewe, zile zilizotoka redioni wiki ile, ni kazi ya siku kadhaa, na hapo ndipo orodha nyingi zinazosambazwa na mashabiki huharibika. Majina huwa sahihi, nafasi huwa sahihi, lakini unachosikia ni rekodi iliyorudiwa miaka 15 baadaye, au ya albamu ambayo hakuna redio iliyoipiga wakati ule.

Mfano utakaotumika hapa ni Billboard Hot 100 (chati ya nyimbo 100 ya jarida la Marekani la Billboard, tutakayochukua 40 za juu) ya Jumamosi, 4 Aprili 1964, wiki ambayo Beatles walizishika nafasi zote 5 za juu. Angalia hasa wimbo wa nafasi ya 5, Please Please Me. Karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani ya wimbo huo mmoja.

Unahitaji kompyuta, Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), Excel au LibreOffice, na hedifoni nzuri. Spika ya simu haifai, kwa sababu utakuwa unatafuta tofauti kati ya sikio la kushoto na la kulia.

Hatua ya 1: Chagua chati kabla ya kuchagua wiki

Watu huanza na tarehe, kwa kawaida ya kuzaliwa ya mzee fulani. Anza na chati. Marekani ilikuwa na Billboard na Cash Box kitaifa, halafu kila stesheni kubwa ilikuwa na orodha yake: WLS ya Chicago, KHJ ya Los Angeles, na nyinginezo. Orodha hizi hazikubaliani. Please Please Me iliingia kwenye orodha ya WLS Machi 1963, karibu mwaka mzima kabla taifa halijawajua Beatles. Ukitaka kusikia Chicago, tumia orodha ya Chicago. Ukitaka kusikia Marekani, tumia Billboard. Usichanganye.

Uingereza ni ngumu zaidi. Magazeti ya New Musical Express (NME), Melody Maker, Disc na Record Retailer kila moja ilikuwa na chati yake, na BBC ilichukua wastani wa chati za magazeti hayo kwa ajili ya vipindi vyake. Agosti 1968 wastani huo ulitoa nyimbo 3 zilizofungana nafasi ya kwanza: Bee Gees, Beach Boys na Herb Alpert. Chati moja rasmi iliyoandaliwa na kampuni ya utafiti ya BMRB ilianza Februari 1969. Orodha zinazoitwa rasmi leo hutumia Record Retailer kwa miaka ya 1960 hadi 1969, ingawa wasikilizaji wengi wa wakati ule hawakuifuata. Ndiyo maana Please Please Me inaonekana leo kuwa iliishia nafasi ya 2, chini ya Frank Ifield, ilhali kwa msomaji wa NME ilikuwa nambari moja. Kama unaiga kipindi cha BBC cha Alan Freeman, tumia chati ya BBC. Ukitumia Record Retailer utakuwa umejenga kipindi ambacho hakikuwahi kurushwa.

Anayetaka wiki yenye mguso wa Afrika ana pa kuanzia: 20 Julai 1968 Hugh Masekela yuko nambari moja Billboard kwa Grazing in the Grass, na mwishoni mwa 1967 Pata Pata ya Miriam Makeba ilifika nafasi ya 12.

Hatua ya 2: Nakili ukurasa wa gazeti

Tumia picha ya ukurasa wa gazeti lenyewe. Matoleo ya zamani ya Billboard yamo Google Books na kwenye hifadhi ya World Radio History. Orodha zilizochapwa upya na mashabiki hubeba makosa ya aliyezichapa.

Angalia tarehe. Hadi mwisho wa 1961 Billboard iliandika tarehe ya Jumatatu, na kuanzia Januari 1962 ya Jumamosi. Tarehe yako ya 1964 ikiangukia siku nyingine yoyote, umekosea mahali.

Picha hizi mara nyingi ni hafifu, na 3 hufanana na 8. Njia ya kujikagua ni moja tu inayoaminika: fungua toleo la wiki inayofuata (11 Aprili) na usome safu ya nafasi za wiki iliyopita. Nafasi hizo lazima zilingane na ulizonakili. Wimbo uliotoka kwenye chati hautakuwepo, lakini wengi watakuwepo.

Hatua ya 3: Jedwali

Safu 8: nafasi, wimbo, msanii, lebo, namba ya santuri, muda, sekunde kabla sauti ya mwimbaji haijaanza, na chanzo cha faili lako. Namba ya santuri usiiache, utaihitaji muda si mrefu.

Usishangae kuona santuri moja mara mbili. Wakati ule Billboard ilihesabu kila upande peke yake. I Saw Her Standing There iliyo nafasi ya 31 ni upande B wa I Want to Hold Your Hand iliyo nafasi ya 4, namba 5112 ya lebo ya Capitol. Please Please Me ni Vee-Jay 581, na upande wake wa pili, From Me to You, uko nafasi ya 41, yaani nje ya 40 bora kwa nafasi moja. Utaratibu huu ulibadilika 29 Novemba 1969, pande mbili zilipoanza kuunganishwa.

Hatua ya 4: Pata rekodi sahihi

Tenga asilimia 80 ya muda wako hapa.

Anza na rekodi zilizorudiwa, maana ndizo mbaya kuliko zote. Wasanii wengi wa miaka ya 60 waliimba upya nyimbo zao zilizotamba kwa ajili ya lebo za bei rahisi, kwa kuwa rekodi za awali zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine. Mfano unaojulikana ni Chubby Checker: rekodi za lebo yake, Cameo-Parkway, hazikutolewa rasmi kwenye CD hadi 2005, hivyo CD nyingi za kabla ya hapo zenye The Twist zilikuwa na sauti iliyorekodiwa upya. Dalili: jalada lenye picha ya msanii akiwa mtu mzima, sauti safi kupita kiasi, ngoma zenye mwangwi wa miaka ya 80, na kampuni usiyoikuta kwenye safu yako ya lebo. Kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni tazama mwaka ulio pembeni ya alama ya ℗ (haki ya rekodi). Ukiona 1964, ni dalili nzuri. Ukiona 2011, haikuthibitishii lolote, kwa sababu unaweza kuwa mwaka wa kusafisha sauti tu. Tafuta namba ya santuri kwenye tovuti za orodha za santuri, Discogs au 45cat, uone ni CD zipi zinataja kuwa zimetumia rekodi ya lebo hiyo.

Pili, toleo la albamu. Light My Fire ya The Doors ni ya dakika 7 kwenye albamu, na chini ya 3 kwenye santuri ndogo. Linganisha muda. Lakini usiamini muda ulioandikwa kwenye lebo bila kusikiliza: You've Lost That Lovin' Feelin' iliandikwa 3:05 ilhali inakaribia 3:45, makusudi, ili watangazaji wasiikwepe kwa urefu wake.

Tatu, na hapa ndipo saa huyeyuka: mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili, tofauti na stirio ambayo kushoto na kulia havifanani. Redio za AM zilirusha mono, na santuri ndogo za pop za 1964 zilikuwa mono. Stirio ya wakati huo ilitengenezwa kwa haraka kwa ajili ya albamu, mara nyingi kwa kuchanganya sauti upya au hata kutumia uimbaji wa mkupuo mwingine, yaani uliorekodiwa mara nyingine. Faili la stirio la 1964 lililosafishwa vizuri bado ni wimbo mwingine.

Fanya jaribio hili kwa kila faili. Fungua kwenye Audacity, bonyeza menyu ya wimbo uchague Split Stereo to Mono, chagua chaneli ya chini peke yake, nenda kwenye Effect ubonyeze Invert, kisha cheza zote mbili pamoja. Matokeo ni haya:

Kimya kabisa: ni mono. Mkwaruzo hafifu tu: ni mono iliyonakiliwa kutoka santuri, inafaa.

Vyombo vinasikika wazi, mwimbaji mara nyingi ametoweka: stirio ya kweli. Haifai.

Sauti inasikika kama imo ndani ya bomba, besi zikielea upande mmoja: stirio ya kughushi. Capitol walizitengeneza nyingi kutoka kwenye mono, kwa kupeleka besi upande mmoja na sauti nyembamba upande mwingine. She Loves You haikuwa na stirio ya kweli hadi 2023, kwa hiyo ukipata ya kabla ya hapo, umeipata hiyo ya kughushi.

Tatizo ni kwamba kimya hakimalizi kazi. Mtu anaweza kuchukua stirio, akaibana kuwa mono, na jaribio likapita huku mchanganyo ukiwa si wa santuri. Hapo hakuna programu ya kukusaidia, ni masikio. Kila wimbo maarufu una alama zake. Kwenye Please Please Me nenda ubeti wa mwisho: katika stirio John na Paul wanagongana maneno, na baada yake John anacheka kidogo anapoimba mwito unaofuata. Katika mono mstari uko sawa na hakuna kicheko. Kwa Help! ya 1965, sauti ya kuongoza ya mono ni ya mkupuo tofauti na wa stirio. Love Me Do ina mtego mwingine: santuri ya kwanza ya Uingereza ya 1962 ina Ringo kwenye ngoma bila tambarini, lakini santuri ya Marekani iliyofika nambari moja 30 Mei 1964 ni ile yenye Andy White, mpiga ngoma wa kukodiwa, na tambarini. Nchi ya chati ndiyo inayoamua utumie ipi.

Kwa Beatles wa wiki hii njia rahisi ni CD. CD za 1987 za albamu zao 4 za mwanzo ni mono, kwa hiyo CD kuukuu ya albamu ya kwanza inakupa Please Please Me, Twist and Shout na I Saw Her Standing There kwa mkupuo mmoja. CD ya 2009 inayouzwa peke yake ni stirio, na mono za mwaka huo zimo kwenye seti ya mono. Watu wengi hununua ya 2009 kwa sababu ni mpya. Kwa kazi hii, kuukuu ndiyo bora.

Usipopata mono ya wimbo wa nafasi ya 37, tumia stirio ya kweli uliyonayo uandike kwenye safu ya chanzo. Usiibane kuwa mono ukajidanganya. Siku utakapopata santuri, utajua pa kurudi.

Hatua ya 5: Sawazisha ukubwa wa sauti

Tumia Loudness Normalization ya Audacity, -18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Kusawazisha kwa kilele hakufai, kwa sababu CD zilizosafishwa miaka ya 2000 zimekandamizwa na zitapiga kelele kuliko za 1987. Acha kisanduku cha kuhesabu mono kama chaneli mbili kikiwa na alama. Ukikiondoa, faili za mono zitatoka zikiwa na dB 3 zaidi.

Mkwaruzo wa santuri wa kubandika usiuweke. Redio haikusikika hivyo.

Hatua ya 6: Maneno ya mtangazaji

Usiige sauti ya Casey Kasem kwa wiki ya 1964. Kipindi chake, American Top 40, kilianza 4 Julai 1970. Mtindo wa wakati ule ni wa stesheni za mji: maneno machache, haraka, juu ya mwanzo wa wimbo, na kunyamaza kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Sasa ile safu ya sekunde inafanya kazi. Please Please Me ina kinanda cha mdomo kwa kama sekunde 7, inatosha kutaja nafasi, jina na lebo. Can't Buy Me Love inaanza na uimbaji palepale, kwa hiyo maneno yote ya nambari moja yanasemwa mkiani mwa Twist and Shout. Maneno 15 yanatosha.

Hesabu ya muda: nyimbo 40 kwa wastani wa 2:30 ni dakika 100, na maneno ya sekunde 15 kila moja yanaongeza 10. Nyimbo 5 za mwisho za wiki hii kwa pamoja hazifiki dakika 12, na zote ni za bendi moja. Kwa hiyo mpe nafasi Louis Armstrong aliye nambari 7 na Terry Stafford aliye nambari 6. Wacheze hadi mwisho bila kuwakatiza.

Hatua ya 7: Toa faili

FLAC ya kuhifadhi, MP3 ya kbps 192 ya kusikiliza. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa 1964-04-04, ili wiki zako zijipange zenyewe kwenye folda.