Kuomba ridhaa ya utafiti mtaani Mombasa, hatua kwa hatua

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alinijia na bahasha yenye fomu 80 za ridhaa. Amekaa Kisauni wiki mbili, fomu zote zimetiwa sahihi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemkatalia. Yeye alikuwa na furaha, mimi nikaingiwa na wasiwasi. Katika watu 80, hakuna aliyekuwa na mtoto mgonjwa ndani? Hakuna aliyekuwa akiwahi sokoni, au asiyependa tu kuulizwa mambo yake? Tulipokaa tukazungumza, nikafahamu kwamba mzee wa mtaa alikuwa akimtangulia nyumba hadi nyumba, anabisha hodi na kusema, "Huyu ni mgeni wangu, msaidieni." Nani hapa Pwani atamrudisha mgeni wa mzee mlangoni?

Nimekusanya data za afya na za jamii Mombasa kwa zaidi ya miaka 10, kwanza nikiwa msaidizi wa utafiti, sasa nikiwafunza wasaidizi wengine. Mwongozo huu nimemwandikia anayeingia mtaani kwa mara ya kwanza. Nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe, ila kila hatua nitakuuliza jambo lilelile: je, mtu huyu anaweza kukwambia hapana bila kuogopa na bila kuona haya?

Hatua ya 1. Vibali vitangulie

Utafiti unaohusu watu unaanzia kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, ile Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sisi wa Pwani tunazo kamati za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, na watafiti wa KEMRI, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, wana yao. Barua ya kamati ikitoka, ndipo unaomba leseni ya NACOSTI. Kisha unapeleka nakala kwenye ofisi za kaunti zinazohusika, na ikiwa utaingia hospitali au zahanati ya umma, idara ya afya ya kaunti iwe na habari mapema. Mpangilio huu usiugeuze. Nimeona mahojiano ya mwezi mzima yakitupwa kwa sababu yalianza kabla ya tarehe iliyo kwenye barua.

Hatua ya 2. Andika fomu kwa Kiswahili cha atakayesomewa

Fomu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, zikatafsiriwa usiku wa kuamkia kazi. Matokeo yake ni sentensi kama "sampuli ya damu ya vena yenye ujazo wa mililita 10 itachukuliwa". Mama wa Mikindani hapo ameshika neno moja tu, damu, na neno hilo kwetu lina mambo yake. Watu wa Pwani wamekua na habari za mumiani, watu wanaosemekana kuchukua damu za wenzao wakatengenezea dawa. Usimcheke anayeikumbuka hadithi hiyo. Mtu asiyemjua amekuja na sindano, anataka damu yake, na hamwelezi inakwenda wapi. Hofu yake ni ya haki kabisa.

Mimi hubeba kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, cha mililita 5. Naichukua chupa ndogo ya maabara ambayo haijatumika, natia maji mpaka kwenye alama ya 10, kisha namimina mbele ya mtu: kijiko kimoja, cha pili, chupa tupu. Halafu naeleza damu hiyo inapelekwa maabara ipi, inapimwa nini, na itakayobaki inatupwa lini. Ikiwa itahifadhiwa kwa utafiti mwingine baadaye, hilo lina swali lake peke yake, na mtu anaweza kukubali lile akakataa hili.

Kwa utafiti wa dawa unaogawa watu makundi kwa nasibu, sema ni kama kurusha shilingi: si mimi wala daktari anayechagua nani apewe nini. Ukiacha hivihivi, mtu ataamini daktari amemchagulia kinachomfaa.

Lakini neno jepesi peke yake halitoshi, ni lazima liwe la kweli. Kule Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndiyo tiba. Wao waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Lilikuwa neno la kwao, walilolizoea, na ndilo lililowafichia ugonjwa wao.

Fomu ikiwa tayari, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyehusika na utafiti. Pale anapokunja uso, andika upya. Likoni utahitaji mtu anayezungumza Kidigo vizuri, na asiwe jirani wa wanaohojiwa.

Hatua ya 3. Mzee wa mtaa akufungulie mtaa, si mlango

Kupita kwa chifu na kwa mzee wa mtaa ni adabu na ni usalama wako. Usipopita, kufika saa sita mchana wewe ni mpelelezi au tapeli. Waeleze kazi, waonyeshe barua, na uwaambie waziwazi kwamba hawataambiwa nani amekubali na nani amekataa. Mzee akitaka kukusindikiza, mshukuru, umwombe aishie kwenye kona. Ruhusa yake ni ya wewe kuingia mtaani. Hawezi kukubali kwa niaba ya mtu yeyote mwingine, hata mkewe.

Uliza pia ratiba ya mahali. Mwezi wa Ramadhani wako watakaokuwa na shaka na kutolewa damu wakiwa wamefunga. Usianze kubishana nao fikihi, panga kuja baada ya kufuturu au ungoje mwezi uishe.

Hatua ya 4. Omba, kisha sikiliza watu wanavyokataa

Kuomba kwenyewe ni maneno machache. Mimi husema hivi, baada ya salamu na baada ya kukaribishwa:

"Mama, naomba nikueleze kwanza, halafu utaamua. Ukitaka kunambia hapana, sema tu, na hapana yako haitafika kwa chifu wala hospitalini. Dawa zako utapewa vilevile. Sababu pia huhitaji kunipa."

Kisha naeleza: utafiti ni wa nini, utachukua muda gani, una maudhi gani, una faida gani kwake. Mara nyingi faida kwake ni kidogo au hakuna kabisa, na hilo nalisema kwa sauti ileile niliyosemea mengine. Ukilimezea, umemdanganya.

Baada ya hapo simuulizi "Umeelewa?" kwa sababu kila mtu atasema ameelewa. Namuuliza, "Baba watoto akirudi jioni akakuuliza yule mgeni alitaka nini, utamwambiaje?" Hapo ndipo unasikia ukweli. Mmoja alinijibu, "Nitamwambia wameniandikisha kwa dawa za sukari za bure." Nilikuwa nimezungumza dakika 15 na hakuna nilichokuwa nimemweleza. Nikaanza upya.

Sasa kukataa. Mtu wa Mombasa hakwambii hapana usoni, hasa ukiwa umekaa kwenye kiti chake na glasi ya maji yake iko mkononi mwako. Anakwambia "Inshallah." Anakwambia "Kesho basi," "Ngoja nimuulize baba watoto," "Mimi sijui kitu, afadhali umwone fulani." Au anacheka, anaingia jikoni, na hatoki. Zote hizo zaweza kuwa hapana, na msaidizi aliyepewa idadi ya kutimiza kwa siku huzisikia zote kama "rudi tena".

Nilikuwa msaidizi wa namna hiyo. Majengo palikuwa na mama anayekaanga viazi karai nje ya mlango wake. Jumatatu alinambia kesho inshallah. Jumanne alikuwa na wageni. Jumatano akataka kwanza kumuuliza mumewe. Alhamisi alinitolea kigoda, akanijibu maswali yote huku macho yake yakiwa kwenye karai, "sawa", "ndiyo", "sijui", "ndiyo", na kila mara akitikisa kijiko cha matundu mafuta yachuruzike. Nilitoka pale nikiona nimeshinda. Wiki kadhaa baadaye nikapita kununua viazi, akanambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, ulivyokuwa ukija kila siku na ule mkoba wa hospitali, majirani walianza kuniuliza naumwa nini." Utafiti ulikuwa wa magonjwa sugu. Nilikuwa nimemtia midomoni mwa mtaa mzima, na kwa majibu ambayo hata hayakuwa na maana. Nilimwomba msamaha, na nikamwambia kiongozi wetu ayatoe majibu yake.

Tangu hapo kanuni yangu ni hii: "kesho" mara mbili ni hapana. Ya pili ikija, nashukuru, naacha namba ya simu, siendi tena. Akitaka atapiga. Na wasaidizi ninaowafunza wanaandika kila jioni ni wangapi waliokataa. Wiki ikipita bila wa kukataa, tunakaa chini kuangalia wanavyoomba.

Hospitalini ugumu unaongezeka. Mgonjwa aliyepanga foleni tangu saa kumi na mbili hawezi kumkatalia muuguzi atakayemdunga sindano baadaye, kwa hiyo anayeomba ridhaa awe mtu mwingine.

Kwa mtoto chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anaridhia na mtoto mwenyewe anaulizwa. Mzazi akikubali na mtoto akajificha nyuma ya leso ya mamake, umeshajibiwa.

Hatua ya 5. Sahihi, dole gumba, au bila karatasi

Asiyesoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi aliyesikia maelezo yote tangu mwanzo. Shahidi huyo asiwe wa timu yako, na mtu amchague mwenyewe. Wakati mwingine karatasi yenye jina ndiyo hatari kubwa kuliko zote, mathalani kwa wanaotumia unga, yaani heroini, au wanaouza miili. Hapo iombe kamati mapema ikuruhusu kuchukua ridhaa ya mdomo, wewe ukitia sahihi kwamba umeeleza na amekubali.

Hatua ya 6. Pesa

Mlipe mtu nauli na muda aliopoteza, na hesabu yako uweze kuieleza. Anayetoka Likoni kuja kisiwani anavuka feri bure kwa miguu, lakini ana matatu ya upande ule na ya upande huu, na kama anauza mahamri, asubuhi yake imekwenda. Kiasi hicho kiwe kwenye fomu iliyopitishwa na kamati, na akisimama katikati ya mahojiano alipwe vilevile. Ukimlipa aliyemaliza tu, umemfunga kwenye kiti.

Tatizo lililonikosesha usingizi zaidi ni la arosto, yaani maumivu ya mtumiaji aliyekosa unga. Kijana aliyekosa unga tangu jana, mwili unauma, kamasi zinamtoka, anatetemeka kwenye jua la Mombasa, atatia sahihi karatasi yoyote kwa shilingi 300. Huyo hajaridhia chochote, amekimbilia pesa. Na aliyetoka kuvuta sasa hivi, anayesinzia huku anajibu, naye vilevile. Tulichofanya ni kupanga mahojiano na waliokwisha kupata methadoni ya siku ile, dawa wanayopewa kliniki badala ya unga, saa ambayo wametulia, na kuuliza mara ya pili kabla ya kuanza. Wengine walituona tunachelewesha kazi. Hao waliotulia walikuwa wanakataa mara nyingi zaidi kuliko wenye arosto, na hilo lilinitosha kama jibu.

Hatua ya 7. Mahali pa kuzungumza, na pa kuweka yaliyosemwa

Baraza za Mji wa Kale ni nzuri kwa kahawa na mbaya kwa maswali ya siri. Ukuta wa nyuma una dirisha, na nyuma ya dirisha kuna khalati, mama mdogo wa mtu, anayesikia. Mwache mtu achague mahali, na mkubaliane mtageuzia mazungumzo wapi mtu akipita. Bei ya samaki inafaa siku zote.

Majina yakae mbali na majibu: daftari moja la majina na namba, limefungiwa, majibu yana namba pekee. Usipige picha fomu kwa simu yako, usitume chochote kwenye kundi la WhatsApp la timu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72. Ukiandika ripoti, kumbuka kuondoa jina hakutoshi. "Mwanamke pekee anayemiliki mashua katika mtaa fulani" anajulikana na kila mtu bandarini.

Na uyarudishe matokeo. Omba ukumbi wa shule au wa madrasa, sema kwa Kiswahili mlichokipata, jibu maswali. Ukienda na data zao usirudi, mtafiti atakayekufuata atafungiwa milango, na watakuwa na haki.

Hatua ya 8. Anapobadili nia

Kwenye fomu umeandika kwamba anaweza kujitoa wakati wowote. Basi uwe unajua utafanya nini akipiga simu, na fomu iseme pia mwisho ni lini, kwa sababu ripoti ikishachapishwa huwezi kuyang'oa maneno yake.

Mvuvi mmoja wa Likoni alinipigia baada ya miezi mitatu. Alikuwa amezungumzia ugomvi wa kifamilia kuhusu shamba, sasa ndugu wamepatana, hataki sauti yake ibaki popote. Sikumuuliza zaidi. Asubuhi ile nilifuta nakala ya ofisini na maandishi yake, nikavuka feri na kinasa sauti chenyewe. Aliomba kwanza aisikilize. Tulikaa chini ya mwembe, akasikiliza dakika zote 41 kichwa ameinamisha, mara mbili akatabasamu. Kisha nikamwonyesha kitufe, akabonyeza mwenyewe.