Kujifunza kutengeneza websaiti mwenyewe: njia inazunguka, ila usizunguke mikono mitupu

Kama umeamua kujifunza kutengeneza websaiti bila kupita chuo, jua mapema kabisa kwamba njia hainyooki. Utaanza na HTML (lugha ya kuandika yaliyomo kwenye ukurasa), utarukia JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa uitikie mtu akibonyeza) kwa sababu mtu kakwambia huko ndo kuna hela, utakwama, utahamia Python, lugha nyingine kabisa, halafu siku unajikuta umerudi kwenye CSS (ya kupamba na kupanga ukurasa) ile ile uliyoikimbia. Kawaida hiyo, wala sio kwamba una kichwa kizito. Shida ni kuzunguka mikono mitupu, yani umeangalia mavideo mpaka macho yamekuwa mekundu ila hakuna hata ukurasa mmoja ulioko hewani ambao mtu anaweza kuufungua kwenye simu yake. Kwa hiyo mimi sheria yangu ni hii, kabla hujahama kwenda kwenye kitu kingine acha nyuma kitu kinachofanya kazi, hata kama sura yake inatia aibu.

Anza leo, sio ukipata laptopu nzuri. Shusha VS Code, programu ya kuandikia kodi (code, yani maandishi ya programu), ni ya bure, tengeneza folda, ndani yake faili liite index.html. Hilo jina sio urembo, seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi websaiti na kuwapa watu kurasa) ukiingia kwenye folda bila kutaja faili zinatafuta index kwanza. Andika ukurasa wa kitu unachokijua vizuri, ratiba ya mechi za timu yako, chochote, weka kichwa cha habari, aya kadhaa, picha, linki, fomu moja. Usikae kukariri tagi zote (zile alama za HTML kama <p>), hata wakongwe wanafungua MDN, websaiti ya maelezo ya lugha hizi, kila siku kuangalia vitu vidogo vidogo.

CSS watu wanaidharau halafu ndo inawanyanyasa kuliko zote. Ukishaelewa kwamba kila kitu kwenye ukurasa ni boksi, padding ni nafasi ya ndani ya boksi na margin ni ya nje, nusu ya vita imeisha, baada ya hapo nenda flexbox halafu grid, njia mbili za CSS za kupanga maboksi. Na angalia tarehe ya somo unalofuata! Grid iliingia kwenye brauza kubwa mwaka 2017, kwa hiyo ukikuta mtu bado anapanga ukurasa mzima kwa float (kusukuma maboksi pembeni) au kwa table (jedwali), huyo anakufundisha mambo ya zamani, muage tu kwa heshima. Kingine, ukurasa ukiwa mzuri kwenye kompyuta ila kwenye simu maandishi madogo kama sisimizi, angalia kwanza kama umeweka ule mstari wa meta viewport, unaoiambia brauza ifuate upana wa simu, kwenye head (sehemu ya juu ya faili, kabla ya body yenye vinavyoonekana), mara nyingi ni huo tu umesahaulika.

Sasa JavaScript, hapa ndo wengi wanaachia njiani. Brendan Eich aliitengeneza toleo lake la kwanza mwaka 1995 kwa siku 10 hivi, so ukikutana na vioja kama typeof null (kuuliza null, yani "hakuna kitu", ni aina gani) kukujibu "object" usijilaumu, ni kosa la zamani lililobaki maana wakilirekebisha websaiti kibao zitavunjika. Na usianze na fremuwaki, yani kodi iliyoandikwa tayari na wengine ya kujengea juu yake. jQuery ilitoka 2006 ikatawala, React ikaja 2013 nayo ikatawala, kesho kutakuja nyingine, ila lugha iliyo chini yake, JavaScript, ni ile ile. Shika kwanza jinsi ya kutunza thamani, masharti ya if, kupitia orodha kwa loop, kuandika function (kipande cha kodi chenye jina unachokiita ukikihitaji), na kuvuta data kutoka seva kwa fetch. React itakuwa rahisi tu baada ya hapo, kabla ya hapo ni uchawi.

Ila kuna ujuzi mmoja ambao mavideo hayafundishi sana, nao ni kusoma kosa. Tuseme umeweka kitufe, unabonyeza, kimya. Usifute kila kitu uanze upya jamani! Ukiwa kwenye brauza bonyeza F12, nenda Console, sehemu inayoonyesha makosa, utakuta mstari mwekundu umeandikwa "Cannot read properties of null". Maana yake kuna kitu ulikitafuta ukapewa null, yani hakipo. Lakini si kitufe unakiona hapo kwenye skrini? Kipo ndio, ila brauza inasoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, na wewe tagi ya script umeiweka juu kwenye head, kwa hiyo kodi yako ilipoenda kukitafuta kitufe, kitufe chenyewe kilikuwa bado hakijasomwa. Ongeza neno defer kwenye hiyo tagi inayoita faili lako, au ishushe iwe mwisho wa body, tatizo limekwisha. Bado null? Linganisha id (jina ulilokipa kitufe) ya kwenye HTML na ile uliyoandika kwenye JavaScript herufi kwa herufi, maana btnTuma na btntuma ni vitu viwili tofauti.

Herufi zinakuja kukuumiza tena siku ya kupandisha hewani. Jifunze Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi yako, amri chache tu, add, commit, push, zinatosha kuanzia, halafu tumia GitHub Pages, huduma ya mtandaoni, kuweka ukurasa wako bure. Ghafla picha zote hazionekani na kwako zilikuwa zinaonekana. Ukiangalia unakuta 404, yani seva inasema faili halipo. Windows haijali tofauti ya Picha.JPG na picha.jpg, seva nyingi zinajali. Majina ya mafaili yaandike yote kwa herufi ndogo bila nafasi, utanishukuru.

Upande wa seva chagua moja, PHP au Node (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva) au Python, zote zinafanya kazi, mabishano ya ipi bora waachie wenye muda. Jifunze SQL, lugha ya kuhifadhi na kutafuta data kwenye hifadhidata. Password za watu usizihifadhi kama zilivyo, tumia function ya kuzihash (kuzigeuza ziwe msimbo usiorudishika nyuma) inayokuja na lugha au maktaba yako, na kamwe usiunganishe alichoandika mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya SQL.

AI nayo tumia, mimi sio mtu wa kukataza, ila usibandike mstari ambao huwezi kumweleza mtu mwingine unafanya nini. Ikikupa kodi, badilisha kitu kimoja makusudi uone kinachovunjika.

Mteja wa kwanza akija, mara nyingi ni mtu anayekufahamu, kabla hujafungua kompyuta andikianeni kurasa ngapi, nani analeta maandishi na picha, marekebisho ya bure ni mangapi, bila hivyo "badilisha kidogo hapo" haitaisha. Na domeni, yani anwani ya websaiti, isajiliwe kwa jina lake na email yake, sio yako, hata akikubembeleza umfanyie tu kwa akaunti yako.