Jiwe lina saa yake

Nilianza kupiga picha makaburini kwa sababu ya babu ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa na jina lake tu, na habari kwamba alizikwa upande wa ukutani. Nilifika saa sita mchana, jua la utosi, nikapiga picha zaidi ya mia. Jioni nikazifungua kwenye kompyuta: mabamba meupe yamelala chini, yamepauka, hata herufi moja haisomeki. Huenda babu alikuwa kwenye mojawapo ya picha zile, nami nilimpita tu.

Kwa hiyo anayetaka kuanza mimi humwambia aweke kamera begani kwanza, atazame jua liko wapi. Herufi iliyochongwa ni kishimo, basi. Mwanga ukiiangukia moja kwa moja, kishimo hakina kivuli, na jicho halioni kitu. Mwanga ukilipitia jiwe kwa ubavu, kama unalilamba, kila mkato unajaa giza na jina linatokea. Bamba lililolala linataka jua la chini, asubuhi na mapema au jioni. Jiwe lililosimama linataka jua linapokaribia kuuacha uso wake, na hapo hata saa sita mchana inaweza kukufaa, kwa kuwa mwanga unashuka kutoka juu ukipita sambamba na maandishi. Babu nilimpata safari ya tatu, saa kumi na mbili kasoro robo jioni.

Usihangaike kutafuta saa ya kila jiwe peke yake. Waislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia wakielekezwa kibla, na Wakristo wengi wa zamani walilazwa miguu ikiwa mashariki. Ndiyo maana safu nzima aghalabu hutazama upande mmoja. Ukishajua saa ya jiwe moja, umejua ya majirani zake.

Yako mawe ambayo jua haliyafikii kabisa: yapo chini ya mti, au yamelipa jua kisogo. Hapo beba kioo, kile kirefu cha kujitazamia, na mtu wa kukushikia. Mwenzako asimame juani hatua kadhaa kando ya jiwe, arushe mwanga upite usoni mwake kutoka ubavuni. Mara ya kwanza tulijaribu kwenye kijiwe kilichofika gotini, ambacho nilikuwa nimekwisha kukiandika kwenye daftari kuwa hakina maandishi. Mwenzangu akakigeuza kioo kidogo kidogo. Ikatokea “miezi”. Akageuza tena, ikatokea 11, na juu yake mchoro wa mwanakondoo, alama iliyozoeleka kwenye makaburi ya watoto wa Kikristo. Akachoka mkono, kioo kikateremka, jiwe likawa tupu tena. Tulirudia mara nne ndipo nikapata picha. Ukiwa peke yako, subiri giza lianze kuingia, weka kamera kwenye stendi, umulike kwa tochi kutoka pembeni.

Mipangilio ya kamera haina makuu. Jiwe jeupe huidanganya kamera, likatoka la kijivu; ongeza mwanga kidogo. Piga magoti, lenzi iwe usawa wa maandishi. Graniti iliyong'arishwa itakuonyesha uso wako mwenyewe, kwa hiyo kaa upande kidogo. Simu ya kawaida inatosha kabisa.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili nilinunua brashi ya waya, nikajiona mtaalamu. Nikakuta jiwe la marumaru lenye ukoga, nikalisugua. Kilichobaki kiganjani kilikuwa chengachenga kama sukari. Maji ya mvua yana asidi kidogo. Kwa miaka mingi huila marumaru pale chembe zake zinaposhikana, na uso wa jiwe ukabaki umejishikiza tu. Kabla sijagusa nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama mwaka ule ni 1881 au 1887. Nilipomaliza hapakuwa na cha kubishania.

Basi usisugue. Usipake chaki, wala unga, wala povu la kunyolea ndevu ili herufi zionekane. Unga hubaki kwenye vitundu vya jiwe ukalisha kuvu, na povu huacha kemikali zake. Dawa za kung'arisha nguo ndiyo kabisa. Jiwe likiwa gumu na zima, maji safi na brashi laini ya nywele yanatosha, kwa idhini ya wenyewe. Mimi siku hizi sigusi. Hata yale madoa ya kuvumwani, kuvu na mwani walioungana kuota juu ya jiwe, ya kijivu na ya manjano, nayaacha: mengine hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, na wapo wanasayansi wanaoyapima kwenye makaburi yenye tarehe ili wapate kukadiria uso wa miamba mingine umekaa wazi muda gani.

Wala usiegemee. Jiwe la zamani hukaa wima kwa mazoea tu, na likianguka lina uzito wa kumuua mtu.

Kila kaburi lipige picha tatu: kaburi pamoja na majirani zake, jiwe zima, kisha maandishi kwa karibu. Ile ya majirani wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. Niliwahi kuona humo vijiwe vinne vya ukoo mmoja, tarehe zote ndani ya wiki tatu. Ugonjwa haukuandikwa popote. Nakili maandishi kwa mkono kabla hujaondoka, na makosa yake ya tahajia yaache vilevile.

Wakija watu na jeneza, kamera iingie begini na wewe usogee mbali. Kaburi ambalo udongo wake bado haujatulia silipigi, hata niombwe.

Picha niliyoikalia muda mrefu kuliko zote ni ya jiwe pana lililogawanywa katikati. Kushoto kuna mume, jina na miaka yake. Kulia, ambako alitengewa mkewe, ni patupu. Labda aliolewa tena, labda alihama, labda hapakuwa na wa kumlipa mchongaji. Nilitaka kukata picha ibaki nusu yenye maandishi, kisha nikamwomba mwenzangu arushe mwanga na upande ule. Palikuwa na mistari miwili myembamba iliyokwaruzwa sambamba, ile ambayo fundi huipiga kwanza ili herufi zikae sawa.